Tulikuwa sitini, sasa tuko elfu nne: tufunge mlango?

Swali: Nasaidia kusimamia kundi la Telegram la watu wanaofufua redio za zamani, zile za vali (mirija ya kioo). Kwa miaka mingi tulikuwa kama sitini, tunajuana vizuri. Mwezi uliopita video ya mmoja wetu ilisambaa na sasa tuko karibu elfu nne. Maswali yaleyale yanaulizwa kila saa, wakongwe wawili wameshaondoka, na fundi tunayemtegemea kuliko wote amekaa kimya. Baadhi yetu wanataka tuwatoe wapya wote turudi kama zamani. Wengine wanasema huo ni uchoyo. Je, kundi linaweza kukua hivi lisife? Tufunge mlango au tuuache wazi?

Jibu: Ufungeni kwa wiki chache, kisha muufungue kidogo kidogo. Ila hao walioko ndani msimtoe hata mmoja kwa kosa la kuwa mgeni. Hilo ndilo jibu fupi. Ili nieleze kwa nini, inabidi kwanza tulifungue furushi la malalamiko yenu, maana humo mmefunga pamoja matatizo yasiyofanana, na dawa ya moja inaweza kulizidisha jingine.

Nianze na hesabu. Kwenye kundi la watu sitini, idadi ya jozi za watu wanaoweza kufahamiana ni 1,770. Mkiandikiana miaka kadhaa, mtu mwenye kumbukumbu ya kawaida anawajua wenzake kwa maandishi yao tu: huyu akisema kapasita, kile kijenzi kinachotunza chaji ya umeme, imekufa ujue imekufa, yule ni mwepesi wa kubahatisha, na yule mwingine hajibu mpaka apime mara mbili. Watu elfu nne wana jozi karibu milioni 8. Hakuna kichwa kinachoweza kuzibeba. Kwa hiyo hata kama wote waliokuja wangekuwa wastaarabu kupindukia, wakasoma kanuni zenu neno kwa neno na kushukuru kila wakijibiwa, bado mngeamka mkiwa hamjui tena nani ni nani.

Hasara hiyo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyosemwa. Watu hulalamikia adabu kwa sababu utovu wa adabu unaonekana: mmoja katuma stika kumi mfululizo, mwingine kaleta tangazo la mikopo. Kupotea kwa habari ya nani anajua nini hakuonekani mpaka kumdhuru mtu.

Chukua swali hili, ambalo sina shaka limeshatua kwenu: "Nimerithi redio ya babu, haijawashwa miaka thelathini, nianzie wapi?" Zamani wangejibu watu watatu na wote wangeanza na jambo moja: usichomeke umeme. Kapasita za karatasi na za elektroliti huchakaa hata zikiwa zimekaa tu kabatini, na zikipelekewa umeme ghafla zinaweza kupasuka au kuunguza transfoma. Baadhi ya redio hizo chesisi yake, yaani fremu ya chuma, imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo kugusa chuma ni sawa na kugusa waya. Na hata plagi ikishachomolewa, kapasita zinaweza kubaki na volti mia mbili au mia tatu. Ndiyo maana mafundi wa fani hii hupima kwanza, hubadilisha zilizochoka, kisha huiwasha redio mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya uzi iliyofungwa kwa mfuatano, ili umeme ukizidi iwake balbu na redio isiungue.

Leo swali hilohilo linapata majibu kumi na tano kabla chai haijapoa, na la kwanza linasema "Chomeka uone kama inatoa mlio". Aliyeandika hana nia mbaya. Alijiunga jana na amefurahi kukutana na swali analodhani analiweza. Shida ni kwamba kwenye skrini jibu lake na jibu la fundi wenu yana sura moja: jina, kiduara cha picha, mistari miwili. Muulizaji naye kajiunga juzi, atajuaje? Atamfuata aliyewahi kujibu.

Ukilitazama kundi kwa jicho hilo, suala la wageni kuwa na adabu au kutokuwa nayo linapungua uzito. La kuuliza ni mgeni anajifunza kwa nani.

Kuna kisa cha zamani kinacholieleza hili vizuri. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulikuwa na msimu wake wa kero. Kila Septemba vyuo vilipofungua mwaka wa masomo, wanafunzi wapya walipata akaunti na kuingia kwa kishindo. Wenyeji waliguna, wakawakosoa, wakawaelekeza kwenye orodha za maswali yanayoulizwa kila mara, na baada ya wiki kadhaa wageni walikuwa wameshaiga mwenendo wa mahali au wamechoka na kwenda zao. Halafu kati ya mwaka 1993 na 1994 kampuni za huduma za mtandao, AOL ikiwa mashuhuri kuliko zote, zikawafungulia wateja wao njia ya kuingia Usenet. Wageni hawakuwa tena wa msimu. Wakongwe wakakiita kipindi hicho Septemba isiyoisha, na jina hilo linatumika hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba umma ukiingia mahali huharibu. Mimi sikubaliani na usimulizi huo. Wanafunzi wa Septemba za miaka ya themanini hawakuwa na busara kuliko mteja wa AOL. Kilichobadilika ni uwiano na kasi. Mgeni mmoja akiingia palipo na wenyeji ishirini, kila anapogeuka anakutana na mwenendo wa wenyeji na anauiga bila kufundishwa na mtu. Wageni ishirini wakimkuta mwenyeji mmoja, wanaigana wao kwa wao. Kwenu, kila mwenyeji ana wageni sitini na ushei, na wote wameingia ndani ya mwezi. Hao hawajazidharau kanuni zenu, kwa kuwa hazijawahi kuwafikia.

Je, ukuaji lazima uue? Hapana, na hapa tuna ushahidi bora kuliko kumbukumbu za wakongwe. Reddit, tovuti yenye makundi mengi ya majadiliano, ilikuwa na orodha ya makundi ambayo kila anayefungua akaunti aliunganishwa nayo moja kwa moja, kwa hiyo kundi likiingizwa kwenye orodha hiyo lilifurika ghafla. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopitia maoni yapata milioni 45 kutoka makundi kumi yaliyokumbwa na hali hiyo. Kura za kukubali zilishuka kwa muda, kisha zikarudi zilipokuwa au zaidi. Malalamiko kuhusu ubora hayakuongezeka. Hata lugha ya makundi hayo haikuyeyuka ikafanana na ya Reddit nzima, na pale wasimamizi walipokuwa imara mambo yalienda vizuri zaidi.

Lakini utafiti huohuo una sentensi moja ambayo ningependa wasimamizi wenzako waisome polepole: baada ya mafuriko, watu walikusanyika kwenye sehemu ndogo zaidi ya mada zilizoletwa. Yaani macho yalienda kwa vichache. Kwenu maana yake ni kwamba video ya redio iliyofufuka na kuimba itapata mioyo mia tatu, na mtu aliyeuliza kwa nini vali yake ya kutoa sauti inapata moto kupita kiasi atapitwa kimya. Kundi dogo haliwi na swali lisilojibiwa. Kundi kubwa linaweza kuchangamka kutwa nzima na bado lisimsaidie mtu huyo, na takwimu zikaonyesha afya njema.

Kundi jingine la Reddit, NoSleep, la hadithi za kutisha, liliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 na kupokea mamilioni ya watu. Lina kanuni ngeni: ukiwa ndani, kila hadithi unaichukulia kuwa ya kweli, na haruhusiwi mtu kuandika "huu uongo". Ungetarajia kanuni laini kama hiyo ife wiki ya kwanza. Haikufa. Watafiti waliowahoji wanachama, wakachapisha mwaka 2016, walitaja mambo matatu: wasimamizi wengi wanaoelewana na waliopo wakati wote, wanachama wa kawaida waliojiona wana haki ya kumrekebisha mgeni, na mitambo ya kuondoa ukiukaji kabla haujaonekana na wengi. Katika hayo, ninyi mna la pili kwa kiasi. La kwanza na la tatu hamna kabisa, nadhani, kwa sababu watu sitini hawayahitaji.

Sasa wakongwe. Hili halitawafurahisha. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichapisha uchambuzi wa lugha ya makundi mawili ya watu wanaoandika maoni kuhusu bia, BeerAdvocate na RateBeer. Waligundua kuwa mwanachama anapoingia hubadilika upesi na kuokota misemo ya mahali, kisha hufika pahala akasimama. Lugha ya kundi inaendelea na safari yake, yeye hayumo. Anaanza kuwa mgeni katika nyumba aliyosaidia kuijenga, na hatimaye huondoka. Hilo hutokea siku za kawaida, bila mafuriko yoyote. Kwa hiyo kati ya hao wawili waliokwenda, huenda mmoja alikuwa mlangoni siku nyingi na video ile ilimpa tu sababu ya kuaga. Msiandike sera nzima ya kundi kwa ajili yake.

Na pia, si kila desturi yenu inastahili kupiganiwa. Novemba 2022, watu wengi walipohamia mtandao wa kijamii wa Mastodon baada ya Twitter kubadilisha mmiliki, wenyeji wa Mastodon waliwasisitiza wageni wafunike habari za kisiasa na za kuhuzunisha nyuma ya onyo, kama ilivyo desturi yao. Baadhi ya wageni, hasa watu weusi waliokuwa wakieleza ubaguzi unaowapata, wakajibu kwamba kuambiwa wayafunike maisha yao ni kunyamazishwa kwa upole. Naona walikuwa na hoja. Desturi iliyotungwa na wachache wanaofanana huwa na mambo ambayo hao wachache hawakuwahi kulazimika kuyafikiria. Kaeni chini mtenganishe: kutochomeka umeme kabla ya kupima ni desturi ya kulindwa kwa meno, utani wenu wa miaka mitano iliyopita ambao mgeni asipouelewa anachekwa, uacheni ufe.

Kosa ninaloliogopa zaidi kwenu ni lile la Wikipedia ya Kiingereza. Ilikua kwa kasi mno, na wahariri wake, kwa haki kabisa, wakatengeneza zana za kufuta uharibifu upesi na kuongeza kanuni. Idadi ya wahariri wanaoshiriki ikafikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zana hizohizo na kanuni hizohizo ziliwafukuza hata wageni wenye nia njema: mtu anaandika kwa mara ya kwanza, kazi yake inafutwa na mashine au na mtu anayebofya kama mashine, anapata ujumbe uliokaa tayari, harudi. Ulinzi ulifanikiwa, na wa kupokea kijiti wakawa wachache. Wasimamizi waliochoka huishia hapo bila kukusudia. Ukiona mwenzako ameanza kujibu maswali kwa neno moja, "Soma kanuni", mpumzishe zamu.

Basi mfanye nini? Kwanza punguzeni kasi. Washeni uombaji wa idhini ya kujiunga, mwingize watu kwa mafungu. Msinitake idadi, kipimo ninachokiamini ni kuangalia kama fungu lililotangulia limeanza kuwajibu wapya kwa usahihi. Likianza, fungueni tena. Telegram pia ina mpangilio unaomlazimu mtu kusubiri kati ya ujumbe mmoja na mwingine, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima. Hata dakika moja inatosha kumzuia anayejibu bila kusoma. Hakikisheni pia historia ya kundi inaonekana kwa wapya, kwani katika baadhi ya makundi huwa imefichwa na wenyeji hawajui; mnamlaumu mtu kwa kutotafuta kitu ambacho hawezi kukiona.

Kanuni ziwekeni pale mtu anapoandika, ziwe chache na kila moja na sababu yake. Hili lina ushahidi mzito. Kwenye kundi la sayansi la Reddit, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliweka kanuni juu kabisa ya baadhi ya mijadala, kati ya mijadala 2,190, na kuacha mingine bila. Kiwango cha wageni kuzingatia kanuni kilipanda kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na idadi ya wageni walioshiriki ikapanda kwa wastani wa asilimia 70. Wengi hudhani kanuni huwatisha watu. Kumbe mtu mgeni akijua kinachotakiwa anapata ujasiri wa kufungua mdomo. Zenu zinaweza kuwa tatu tu: usiwashe kabla ya kupima (mkitaja na kwa nini); weka picha ya ndani na ya nyuma, kwa sababu bila kuona namba za vali tunabahatisha; na sema umeshapima nini.

Kisha rudisheni ile habari iliyopotea, ya nani anajua nini. Telegram inaruhusu msimamizi kuandikiwa cheo pembeni ya jina. Wapeni watu kumi mnaowaamini usimamizi wenye mamlaka kiduchu, kwa ajili ya kubeba neno "fundi" tu. Muulizaji wa redio ya babu atakapoona majibu kumi na tano, macho yake yajue pa kutua. Ni kitu kidogo mno, na kama mngefanya kimoja tu katika yote ninayoyasema, ningetaka kiwe hiki.

Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wangekuwa admini wazuri. Aliyefanikiwa kufufua redio yake mwombeni aandike hatua alizopitia, mziweke kwenye hazina ya majibu. Aliyeuliza wiki iliyopita ndiye anayekumbuka ni neno gani lilimchanganya. Fundi wa miaka ishirini alishasahau. Na msimamizi wa zamu za usiku mtafuteni miongoni mwa hao wapya, maana sitini wenu hawatoshi kwa saa ishirini na nne.

Kuna wanaotoza kiingilio. MetaFilter, jukwaa la majadiliano la mtandaoni, ilifunga usajili kwa muda mrefu, ikafungua tena mwaka 2004 kwa dola 5 za mara moja. Kiingilio huchuja matapeli, lakini pia humchuja kijana mwenye redio ya babu na asiye na njia ya kulipa. Sipendekezi kwenu.

Wakongwe wakitaka chumba chao kidogo pembeni, wapeni. Wana haki ya mahali pa kupiga soga bila kueleza kila neno. Sharti moja: majibu ya kiufundi yasihamie huko. Yakihamia, kundi kubwa litabaki ukumbi wa watu wanaoulizana wasichokijua, na chumba kidogo kitakuwa cha wazee wanaopungua. Kila swali zuri likijibiwa chumbani, mtu mmoja awe na kazi ya kulipeleka nje.

Na fundi wenu aliyenyamaza: huyo hakuachwa na lugha ya kundi, amechoshwa na swali moja. Usimwombe arudi kama zamani wala usimtaje mbele ya watu. Mwandikie faragha, mwambie maswali ya mwanzo yana watu sasa na hatahitajika kuyagusa. Kisha, labda mara moja kwa wiki, mpelekee moja lililowashinda wote. Ile vali inayopata moto ni ya kuanzia.